Kuyu: Historia ya Samaki wa Mikondo ya Ziwa Victoria

Kuyu ni samaki wa maji baridi anayeishi katika maziwa ya Victoria, Kyoga, Edward, George na Kivu, na katika mito inayoingia na kutoka humo. Kuyu ndilo jina lake kwa wavuvi wa upande wa Tanzania. Wajaluo humwita fwani na Waganda humwita kisinja. Wanasayansi wanamtambua kwa jina la Labeobarbus altianalis. Akikua vizuri hufikia urefu wa sentimita 90 na uzito wa karibu kilo 10, na kwa kipimo hicho alikuwa miongoni mwa samaki wakubwa wa Ziwa Victoria kabla sangara hajaletwa. Historia yake haitengani na ya mito, kwa sababu ingawa hula na kunenepa ziwani, kizazi chake huanzia penye mkondo na mawe. Mengi yaliyomsibu katika karne iliyopita yalimkuta akiwa njiani kati ya makao hayo mawili.

Ni samaki mwenye kiwiliwili imara, magamba mapana, mgongo wa rangi ya zeituni na mbavu zenye unjano unaoelekea shaba. Kwenye pembe za mdomo na juu yake zimening'inia sharubu jozi mbili, anazotumia kupapasa na kuonja yaliyomo katikati ya mawe hata maji yakiwa na tope. Pezi la mgongoni limetanguliwa na mwiba mnene wa mfupa, na mvuvi anayemnasua kutoka wavuni kwa haraka huupata mkononi. Ndani ya mdomo hakuna jino hata moja. Meno yako kooni, nyuma ya matamvua, yamepangwa juu ya mifupa miwili iliyopinda, na hukandamiza chakula dhidi ya bamba gumu lililo chini ya fuvu. Konokono akiingia, gamba lake hupondwa hapo hapo, vipande hutemwa au kumezwa pamoja na nyama. Kwa zana hiyo kuyu hula karibu kila kitu: konokono, mabuu ya wadudu, mbegu na majani yaliyoangukia majini, uduvi, na vifaranga vya samaki wengine akikua mkubwa. Tumbo halisi kama la sangara hana; chakula hupita moja kwa moja katika utumbo mrefu. Walaji wanamjua zaidi kwa miiba midogo yenye umbo la herufi Y iliyotawanyika katika minofu, inayomlazimu mtu kumla taratibu.

Kuyu ni jamaa wa ningu, na hata dagaa wa Ziwa Victoria, pamoja na udogo wake, ni wa nasaba hiyo hiyo pana. Kuna pia samaki wadogo wenye sharubu, wa urefu wa kidole, waliojaa katika vijito vya Afrika Mashariki, ambao kwa muda mrefu waliwekwa katika jenasi moja na kuyu kwa sababu ya kufanana sura. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba ukaribu huo ni wa mbali kuliko ulivyodhaniwa. Seli za wale wadogo zina kromosomu zipatazo 50. Za kundi la kuyu zina takriban 150. Tofauti hiyo ilitokana na spishi mbili za kale kuzaana, na wazao wao kubaki na urithi wote wa pande mbili. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliwatenganisha rasmi: wakubwa wakawekwa katika Labeobarbus, wadogo wakapelekwa Enteromius.

Jina la kisayansi lilitolewa na George Albert Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza mwaka 1900. Samaki aliowachunguza walikusanywa na J. E. S. Moore katika Ziwa Kivu na Mto Ruzizi. Miaka michache baadaye Boulenger aliwapa majina mengine kuyu wa Ziwa Edward na wale wa Ziwa Victoria, akiwahesabu kuwa spishi mbalimbali. Kosa hilo lilikuwa rahisi kufanya. Kuyu hubadilika mno: wapo wenye midomo minene iliyotuna kama mpira na wenye midomo myembamba yenye ukingo mgumu, wapo warefu na wapo waliojaa, na wote huweza kutoka katika wavu mmoja. Mwaka 1973 mtaalamu wa samaki Banister alipitia upya samaki wakubwa wa kundi hili katika Afrika Mashariki na ya Kati, akawaweka kuyu wa maziwa yote hayo chini ya spishi moja.

Kwamba samaki mmoja anapatikana katika maziwa ambayo leo hayaunganiki ni ushahidi wa mito ya kale. Kabla Ziwa Victoria halijakuwapo, mito ya Kagera na Katonga ilielekea magharibi. Ardhi ya ukingo wa Bonde la Ufa ilipoinuka, mito hiyo ilizuiwa na mingine ikageuka kurudi ilikotoka, na maji yakatuama katika bonde la katikati kuwa ziwa, yapata miaka 400,000 iliyopita. Kivu nalo zamani lilimwaga maji yake kaskazini kuelekea Edward, mpaka volkano za Virunga zilipoiziba njia hiyo na kulilazimisha litoke kusini kwa Mto Ruzizi, likaungana na Tanganyika. Kuyu alibaki pande zote za mivunjiko hiyo. Upande wa kaskazini mpaka wake ni Maporomoko ya Murchison, ambako Nile inaanguka zaidi ya meta 40 na hakuna samaki anayeweza kupanda. Chini yake, hadi Ziwa Albert na kuendelea, anaishi ndugu yake, Labeobarbus bynni, yule yule aliyejulikana kwa Wamisri wa kale.

Mwishoni mwa zama za barafu, kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikauka karibu lote. Samaki aliyetegemea maji ya ziwa pekee asingekuwa na pa kukimbilia. Kuyu alikuwa na mito.

Utagaji wake hufuata mvua. Masika yakianza, na tena wakati wa vuli, maji ya mito huongezeka, hubadilika rangi na kupoa kidogo, na samaki waliopevuka hukusanyika penye milango ya mito kabla ya kuanza safari ya kupanda. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja, Mara na Kagera yote ilikuwa njia zao. Jike hutaga mayai juu ya changarawe katika maji ya kina kifupi yaendayo kasi, dume huyarutubisha, kisha wote wawili huondoka. Hakuna ulezi. Ngege na sato hulinda mayai na vifaranga vyao mdomoni. Kuyu hulea kwa kuchagua mahali. Mayai hujipenyeza katikati ya kokoto, na maji yenye hewa nyingi yanayopita bila kukoma ndiyo yanayoyaweka hai. Changarawe ikizibwa na matope, mayai hukosa hewa na kufa. Sharti hilo moja limeamua mambo mengi katika maisha ya samaki huyu.

Watu wa kando ya mito waliijua kalenda hiyo tangu zamani, na uvuvi wao ulipangwa kuifuata. Njia kuu katika mito ya Nyanza ilikuwa uzio uliokatiza mto, ambao Wajaluo waliuita kek. Nguzo zilikitwa katika kitako cha mto, zikafungwa fito na matete kuwa ukuta wenye nafasi zilizopangwa, na katika kila nafasi ikawekwa migono, yaani vikapu virefu vyenye koo la ndani la vijiti vilivyochongoka, ambalo samaki akilipita kuingia hawezi kulipita kutoka. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kukata miti, kusuka migono na kusimamisha nguzo katikati ya mkondo kulihitaji mikono ya ukoo mzima, na mahali pa kujenga uzio palikuwa na wenyewe waliojulikana. Wakati wa msimu samaki walipasuliwa, wakakaushwa juani au kubanikwa, na kubadilishwa kwa nafaka na watu waliokaa mbali na maji.

Uzio kama huo ungeweza kuumaliza mto, na ni vizuri kueleza kwa nini haukuufanya hivyo. Ulijengwa kwa miti na matete, na mto uliojaa una nguvu kuliko miti na matete. Mafuriko makubwa yalipokuja, yaani wakati ule ule ambao samaki wengi hupanda, maji yaliruka juu ya uzio au yaliubomoa, na kundi kubwa likapita. Wale waliokamatwa walikamatwa maji yalipotulia. Kulikuwa pia na ukomo wa kazi yenyewe: uzio mmoja uliziba sehemu moja ya mto mmoja kwa wiki kadhaa za mwaka.

Mahali palipojulikana zaidi kwa kuyu hapakuwa katika mito inayoingia ziwani, bali pale ziwa linapotoka. Karibu na Jinja ya leo, Nile ilianza kwa kuanguka juu ya safu ya miamba yenye urefu wa takriban meta 4 tu, lakini pana kwa zaidi ya meta 100. Tarehe 28 Julai 1862 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo baada ya safari iliyoanzia Zanzibar mwaka 1860, akiwa na msafara wa watu wa pwani uliomjumuisha Sidi Mubarak Bombay, na akapaita Ripon kwa heshima ya rais wa jumuiya ya kijiografia ya London. Katika maelezo yake ya siku hiyo, maporomoko yenyewe hayakumvutia peke yake. Aliona samaki kwa maelfu wakiruka kwa nguvu zao zote kuupanda ukuta wa maji, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda waliofika kwa mitumbwi wakiwa wamejipanga juu ya miamba na fimbo zao za ndoana. Viboko na mamba walikuwa palepale.

Speke hakuwataja samaki hao kwa jina la spishi, lakini waliovua hapo baadaye waliwatambua: warukaji wa Ripon walikuwa kuyu. Utawala wa Kiingereza ulipojengwa Jinja, maofisa na wageni waliifanya miamba hiyo kuwa mahali pa kuvulia kwa fimbo, na kuyu akapata sifa kwa jinsi anavyopigana akiwa ndoanani katika maji ya kasi. Wasoga na Waganda waliendelea kuvua kama walivyovua siku zote. Ni shida kupata katika Afrika Mashariki mahali pengine ambapo samaki mmoja aliweza kutazamwa hivyo na kila aliyepita, bila wavu wala chombo, akifanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake.

Mageuzi ya uvuvi yalianzia upande wa pili wa ziwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na kwa mara ya kwanza samaki wa ziwa wakawa na soko lililo mbali kuliko mtu awezavyo kutembea. Mwaka 1905 nyavu za makila za katani ya Ulaya ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo. Wavu wa namna hii hutandazwa majini na kusubiri. Samaki hupenyeza kichwa katika jicho la wavu na kunaswa kwa matamvua. Uliwalenga kwanza ngege, waliokuwa wengi mno, na mapato ya siku za mwanzo yalikuwa makubwa. Idadi ya samaki kwa kila wavu ilipoanza kushuka, serikali za makoloni zilimtuma Michael Graham kuchunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilipendekeza nyavu zisiwe na macho madogo kuliko inchi 5, na sheria ya namna hiyo ikafuata.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya ngege. Ililinda samaki wachanga wa ziwani, ila haikusema lolote kuhusu mahali pa kutega. Kwa samaki anayepanda mto, mahali ni jambo kubwa kuliko ukubwa wa jicho. Wavu ukitandazwa penye mlango wa mto mwanzoni mwa mvua, unawapata wale wale waliobeba mayai, wote wakiwa wamejikusanya mahali pamoja, kabla hawajataga. Uzio wa matete ulikuwa juu mtoni na ulibomoka. Wavu ulikuwa mlangoni, na mafuriko hayakuubomoa. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilichukua nafasi ya zile za katani. Hazikuoza, zilikuwa nyembamba kiasi cha samaki kutoziona vizuri, na zilidumu. Kuanzia miaka hiyo ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali za nchi tatu ziliiacha sheria ya inchi 5, kwa kuwa ilishindikana kusimamiwa, na nyavu zenye macho madogo zikaenea kila mahali.

Peter Whitehead, ofisa wa samaki upande wa Kenya, aliandika mwaka 1959 kuhusu samaki wanaopanda mito ya Nyanza na uvuvi wa mito hiyo, na kazi yake imebaki kumbukumbu muhimu ya uvuvi wa kek ukiwa bado hai. Uliokuwa na sifa kubwa zaidi katika mito hiyo ni uvuvi wa ningu, na ningu ndiye aliyeanguka kwanza. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na leo amehesabiwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Kuyu alipungua lakini hakufikia hapo. Si mwepesi kuhusu chakula, na si kila kuyu husafiri: baadhi huishi mtoni maisha yao yote, hivyo mlango wa mto ukizibwa, mbegu haikatiki kabisa.

Wakati nailoni inaenea, miamba ya Ripon ilikuwa imeshafunikwa. Wazo la kuitia Nile mitambo hapo lilikuwa la siku nyingi. Winston Churchill alilipigia debe baada ya kupita Jinja mwaka 1907. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls, kilomita chache chini ya Ripon, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Malkia Elizabeth II alilizindua tarehe 29 Aprili 1954. Bwawa lilikuwa na urefu wa meta 31 kwenda juu. Miamba ya Ripon ililipuliwa na kuchimbwa ili maji ya ziwa yatoke bila kizuizi, kisha maji yaliyopanda nyuma ya bwawa yakaimeza iliyobaki. Samaki anayeweza kuruka ngazi ya mwamba ya meta 4 iliyovunjika-vunjika, akipumzika katika vijibwawa vya katikati, hana la kufanya mbele ya ukuta wa zege wa meta 31. Umeme ulihitajika, na umeifaa Uganda kwa miongo mingi. Hata hivyo mkusanyiko wa kuyu uliotazamwa tangu enzi za Wasoga wa kale ulikoma, na hilo halikupewa uzito unaostahili katika sherehe za siku ile. Bwawa la Bujagali lilifuata mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019, na kila moja limegeuza sehemu nyingine ya mkondo wa mawe kuwa maji yaliyotulia.

Mwaka ule ule wa 1954 sangara waliingizwa Ziwa Victoria, na wengine wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipoongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, furu wa mamia ya spishi waliangamia, na samaki wengi wa asili wakatoweka katika mizani ya masoko. Kuyu wa ziwani alikuwa mmoja wao. Mialo iliyowahi kumpokea kama samaki wa kawaida ilijikuta inapokea sangara, sato na dagaa. Alibaki penye pwani za miamba na zaidi mitoni, ambako maji ya kasi na mawe yalikuwa nje ya himaya ya sangara.

Ziwa Edward linaonyesha mambo yangekuwaje. Maporomoko ya Mto Semliki yamewazuia sangara wa Ziwa Albert wasipande, na hakuna aliyewapeleka kwa ndoo. Huko kuyu ameendelea kuwa samaki wa biashara hadi leo, pamoja na tilapia, kambale na kamongo, katika vijiji vya wavuvi vya upande wa Uganda na vile vya Kongo kama Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Shida za ziwa hilo ni nyingine: vita vya mashariki ya Kongo, nyavu haramu na mitumbwi iliyozidi idadi. Kivu hali ni tofauti tena. Ziwa hilo lina spishi chache za samaki, na tangu sambaza waletwe kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 uvuvi wake umeelekea kwao, huku kuyu akibaki wa kando, hasa karibu na vijito.

Kwenye mito ya Ziwa Victoria tishio la sasa halitoki kwenye nyavu peke yake. Misitu ya juu imefyekwa, mashamba yamefika ukingoni mwa mito, na kila mvua inateremsha udongo unaojaza nafasi za changarawe ambamo mayai yanapaswa kupumua. Viwanda vya sukari na vya kukoboa kahawa humwaga taka zinazomaliza hewa ya maji wakati wa kiangazi. Mwaka 2008 kituo cha umeme cha Sondu-Miriu nchini Kenya kilianza kazi kwa kuchepusha maji ya mto huo kupitia handaki, na kipande cha mto kilicho chini ya mchepuko hutegemea kiasi kinachoachwa kipite. Mara na Kagera bado ina kuyu wengi kwa kulinganisha, kwa sababu ya urefu wake na sehemu zinazopita ndani ya hifadhi.

Katika miongo ya karibuni kuyu ameanza kufugwa. Watafiti wa kituo cha Kajjansi nchini Uganda walichukua wazazi kutoka Nile ya juu na Ziwa Edward, wakajifunza majira ya kupevuka kwao, kisha wakafanikiwa kuwafanya watage kwa kuwachoma sindano ya homoni, kwa sababu bwawa la udongo halina mkondo unaowaamsha. Kituo cha Kegati, karibu na Kisii nchini Kenya, kimeshughulika na kuyu na ningu kwa pamoja. Vifaranga vinaanguliwa na vinakua, ingawa kwa mwendo wa polepole kuliko sato, jambo linalomfanya mfugaji afikirie mara mbili. Ufugaji huu utawapa watu samaki wa kula na kupunguza shinikizo mtoni, lakini hautachukua nafasi ya mto: vituo vinahitaji kuongeza damu mpya mara kwa mara, na damu hiyo inapatikana kwa kuyu wa porini tu, wale wanaoendelea kutaga juu ya changarawe safi.